Kabla hujaposti nyumba, toka nje uitazame

Leo mapazia na mashuka tuyaweke pembeni. Ule muda nilioadimika hapa nilikuwa nauza kitu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuposti: nyumba ya marehemu babu, hapa hapa Amani. Naandika kwa sababu siku hizi ndugu wakitaka kuuza chochote, iwe kiwanja au kitanda, simu inakuja kwetu. "Wewe si una wateja mtandaoni, hebu tutilie na hii."

Nikatia. Picha alipiga binamu yangu saa saba mchana, jua la utosi, ukuta wa mbele wote kivuli. Mbele ya nyumba kuna fungu la mchanga uliobaki tangu choo kilipojengwa, bati bovu limeegemezwa, kamba ya nguo imekatiza mlangoni, na chini ya dirisha koga la kijani mpaka usawa wa goti. Mie huyu huyu ambaye shuka likiwa na kunjo moja silipigi picha! Siku kumi na moja meseji zote ni "mwisho ngapi?" Akaja dalali mmoja na bei iliyopungua milioni kumi na mbili kwa ile tuliyoitaka, na ami akawa anasema tuchukue tu yaishe.

Ya kwake yangeisha. Shangazi ndiye aliyekuwa anaishi mle. Kwenye mirathi fungu lake ni nusu ya la kaka yake, na hilo fungu ndilo alilolitegemea apate kibanda huko Fuoni. Wengine wote wana kwao. Kila milioni iliyoshuka ilikuwa inamla yeye mwanzo.

Basi nikaamua nyumba ipendeze. Kosa langu la kwanza hilo, nilitaka ipendeze tu. Nikanunua ndoo ya rangi, nikawaita vijana wawili, tukapaka ukuta wa mbele ndani ya siku moja. Ilikuwa mwezi wa nne, katikati ya masika! Picha ikatoka nzuri na simu zikaanza kuingia. Wiki ya tatu akaja mama mmoja na mumewe. Hakuuliza vyumba. Aliinama chini ya dirisha, akakwangua kwa ukucha, rangi ikabanduka kama ganda la kitunguu, ndani ukuta mbichi. Akamwambia mumewe, "Hawa wamepaka wasionekane." Nilitamani ardhi inimeze. Kwa dini yetu mnunuzi akigundua aibu iliyofichwa ana haki ya kurudisha, kwa hiyo hata angenunua, pesa zile zisingekuwa na raha.

Fundi wa mtaani ndiye aliyenifungua macho, na alitumia dakika kumi tu. Udongo wa mbele ulikuwa umepanda mwaka hadi mwaka mpaka ukapita usawa wa sakafu ya ndani, ukuta unakunywa maji kwa chini. Na bati halina gata, mvua ikimwagika inapiga chini na kurukia ukutani. Rangi haina kosa lolote hapo. Tukachimba udongo, tukaushusha kiasi cha shubiri moja na nusu chini ya sakafu, tukamwaga zege jembamba lenye mteremko kwenda barabarani, tukafunga gata upande wa mbele. Hii ndiyo iliyokula pesa nyingi, na kwenye picha haionekani kabisa. Lipu iliyooza tulibandua tukapiga upya, kwa mchanga wa shimo. Wa pwani una chumvi, na chumvi inavuta unyevu.

Halafu tukangoja. Ami alinuna, lakini tukangoja masika yaishe na upepo wa kusi ukaushe ukuta. Kujua kama umekauka, bandika kipande cha nailoni kwa gundi pande zote nne, ukiache mpaka kesho yake. Kikitoka jasho kwa ndani, bado. Sisi kilitoka jasho mara mbili.

Koga ulioshe kabla ya rangi, ukilipakia juu linarudi. Tulitumia jiki iliyochanganywa na maji, tukaacha kidogo, tukasugua kwa brashi ngumu na kusuuza. Usiichanganye na dawa ya choo hata kidogo, inatoa hewa ya sumu. Rangi tukachagua nyeupe iliyoelekea maziwa, mbele tu na kibarazani, pembeni hatukugusa. Mlango tulipiga msasa na kupaka vanishi. Kamba ya nguo ikahamia uani, taa ya kibarazani ikawekwa balbu inayowaka, na shangazi akaleta chungu chake cha asumini akakiweka kwenye ngazi. Mchanga nilimpa jirani bure alimradi auondoe mwenyewe.

Hapa niseme jambo kwa wenye nyumba za Mji Mkongwe: msinifuate mie. Kuta zenu ni za mawe na chokaa, zinahitaji kupumua. Ukizipiga saruji na rangi ya plastiki unafungia unyevu ndani, mwisho lipu inavimba na kudondoka. Zinataka chokaa. Na kule ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, kubadilisha sura ya mbele kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mlango wa nakshi usiupake rangi ya mafuta ukadhani unaupendezesha.

Picha za pili nilipiga mwenyewe, saa mbili asubuhi, jua likiwa usoni mwa nyumba. Nilisimama ng'ambo ya njia, simu wima sawasawa ili kuta zisilale, sikutia filta. Moja ya njia nzima, mtu aone kama gari inapita. Moja ya gata na lile zege, nikaandika chini: "Ukuta huu ulikuwa na unyevu, tumefanya hivi na hivi." Binamu alisema nitafukuza wateja. Nikaandika pia kuwa uwanja wa New Amaan uko karibu na siku za mechi kubwa kuna kelele na magari. Mteja akikuta mwenyewe, na mengine yote hatokuamini.

Karatasi nazo ziwe tayari kabla ya kuposti: warithi wote wamekubaliana kwa maandishi, na mjue kuwa ardhi Zanzibar ni ya Serikali, mnachohaulisha ni haki ya matumizi na jengo, na lazima kupitia Bodi ya Uhaulishaji Ardhi. Sisi tulianza mapema, ikatusaidia.

Mwezi wa nane yule mama wa ukucha akapiga simu mwenyewe. Alikuja, akainama pale pale chini ya dirisha, akakwangua. Akakwangua tena pembeni. Kisha akainuka akauliza jiko liko wapi.

Tuliuza kwa pungufu ya milioni mbili na nusu ya bei tuliyoitaka. Siku ya kukabidhi funguo shangazi alibeba vitu vyake vyote mpaka chungu cha asumini, na yule mama akamwomba amkatie kijiti kimoja apande.