Kuhifadhi na Kuzika Maiti Katika Ulaya ya Enzi za Kati

Mauti yanapomfika binadamu, mwili wake huanza kuoza pasipo kumsubiri jamaa aliye mbali wala kumtambua mfalme. Katika nchi za Ulaya zilizofuata Ukristo wa Kilatini, hasa baina ya karne ya 11 na ya 15, jambo hili la kimaumbile lilileta tatizo gumu. Wakuu wengi walifia ugenini, vitani au safarini, ilhali walikuwa wameusia kuzikwa katika makanisa ya kwao. Makala haya yanakusudia kueleza mbinu zilizotumiwa kulitatua tatizo hilo, misingi yake ya kisayansi, na ubishi ambao mbinu hizo zilizusha juu ya heshima ya mwili wa marehemu.

Mazishi ya watu wa kawaida

Kwanza yafaa ieleweke kwamba watu walio wengi hawakuhifadhiwa kwa dawa yoyote. Maiti alioshwa, akashonewa sanda ya kitani, akapelekwa kanisani kuombewa, kisha akazikwa upesi katika uwanja wa kanisa. Wengi walizikwa bila jeneza. Pale lilipokuwapo, mara nyingi lilikuwa mali ya parokia, nalo lilirudishwa baada ya kumfikisha marehemu kaburini. Kichwa kilielekezwa magharibi na miguu mashariki, ili siku ya ufufuo marehemu ainuke akitazama upande ambao Kristo alitarajiwa kuja.

Viwanja hivyo vilikuwa vidogo. Baada ya miaka kadhaa mifupa ya zamani ilifukuliwa na kuwekwa katika nyumba maalumu, na nafasi ikapewa maiti wengine. Makaburi ya Saints-Innocents mjini Paris yalitumiwa hivyo kwa karne nyingi, hata maziko yakakomeshwa hapo mwaka 1780, na kuanzia 1786 mifupa ikahamishiwa katika machimbo ya mawe yaliyo chini ya mji huo.

Chumvi, nta na risasi

Uozo hutokana na mambo mawili makubwa. Kwanza, chembe hai za mwili zikishakufa huyeyushwa na vimeng'enya vyake zenyewe. Pili, bakteria, hasa wale wanaoishi matumboni, huenea na kuila miili isiyo na kinga tena. Joto na unyevu huharakisha kazi hiyo. Wapasuaji wa Enzi za Kati hawakujua habari za bakteria, lakini uzoefu uliwafundisha kwamba matumbo ndiyo yaanzayo kuharibika. Kwa hiyo waliyatoa kwanza, na nafasi iliyobaki wakaijaza chumvi, manemane, shubiri na majani yenye harufu kali. Chumvi huvuta maji kutoka katika nyama, na bakteria hawawezi kustawi pasipo maji. Wavuvi wetu wa pwani huitumia kanuni hiyo hiyo wanapotengeneza ng'onda.

Hata hivyo, mbinu hiyo haikufaulu daima. Mfalme Henry I wa Uingereza alifariki nchini Normandy tarehe 1 Desemba 1135, akazikwa Reading mwanzoni mwa Januari 1136. Matumbo yake yalizikwa karibu na Rouen. Mwili ukatiwa chumvi na kufungwa katika ngozi za ng'ombe. Chombo kilichelewa kuvuka bahari kwa sababu ya pepo, na mwanahistoria Henry wa Huntingdon, aliyeishi zama hizo, asimulia kwamba maji meusi yalivuja katika ngozi hizo, na kwamba mtu aliyeajiriwa kukitoa kichwani ubongo aliuawa na uvundo.

Baadaye utaalamu uliongezeka. Henri de Mondeville, mpasuaji wa Mfalme Philip IV wa Ufaransa, na baada yake Guy de Chauliac, aliyekamilisha kitabu chake kikubwa mwaka 1363, waliandika maelekezo ya kuhifadhi maiti. Vitambaa vilivyolowekwa katika nta, pamoja na majeneza ya madini ya risasi, vilizuia wadudu na hewa. Kaburi la Mfalme Edward I, aliyefariki mwaka 1307, lilipofunguliwa London mwaka 1774, mwili wake ulikutwa ungali umehifadhika ndani ya vitambaa vya nta. Vivyo hivyo, mwaka 1981 wachimbuzi katika kijiji cha St Bees, kaskazini mwa Uingereza, walikuta mwili wa mwanamume aliyefungwa katika sanda za kitani na bamba la risasi, ngozi yake na viungo vya ndani vikiwa bado vyatambulika. Huenda ndiye Anthony de Lucy, shujaa aliyefariki mwaka 1368 katika vita vya nchi za Baltiki.

Desturi ya kuchemsha

Safari za Vita vya Msalaba zilikuwa ndefu na za joto, na huko chumvi haikutosha. Ndipo ikatumika njia ambayo katika vitabu vya historia hujulikana kama "desturi ya Wajerumani". Mwili ulikatwa vipande na kuchemshwa katika maji, au maji yaliyochanganywa na divai, mpaka nyama ikaachana na mifupa. Sababu yake ni nyepesi: kolajeni, ambayo ni protini iunganishayo nyama na mfupa, hugeuka ute katika maji ya moto. Ni tendo lile lile liifanyalo supu ya makongoro igande ikipoa. Mifupa iliyo mikavu na safi iliweza kusafiri miezi mingi bila madhara.

Kaisari Frederick Barbarossa alipokufa maji tarehe 10 Juni 1190, katika mto ulio kusini mwa Uturuki ya leo, nyama yake ilizikwa Antiokia. Mifupa ilikusudiwa kufikishwa Yerusalemu lakini haikufika. Mfalme Louis IX wa Ufaransa alifariki karibu na Tunis tarehe 25 Agosti 1270. Nyama na matumbo yake vilipelekwa Monreale, katika kisiwa cha Sicily, na mifupa ikazikwa Saint-Denis mwaka 1271.

Agizo la Papa

Tarehe 27 Septemba 1299 Papa Boniface VIII alitoa hati iliyokataza tendo hilo, akiliita la kikatili na la kuchukiza. Waliolitenda walitengwa na Kanisa, na maiti aliyetendewa hivyo alinyimwa maziko ya Kikristo. Aliagiza kwamba mtu azikwe palipo karibu na alipofia, na mifupa ihamishwe baadaye, mwili ukishageuka vumbi.

Msomaji aweza kudhani kwamba Papa aliogopa Mungu asishindwe kumfufua mtu aliyegawanywa. Sivyo. Karne nyingi kabla yake Augustine, askofu wa Hippo, alikuwa amekwisha kufundisha kwamba mazishi ni faraja ya walio hai kuliko msaada kwa waliokufa, na kwamba mashahidi walioliwa na wanyama hawakupungukiwa na kitu. Hoja ya Papa ilikuwa juu ya heshima: kwamba mwili wa binadamu haustahili kutendewa kama nyama ya jikoni, hata ikiwa nia ni njema. Lakini wafalme walikuwa na hoja yao pia. Moyo uliozikwa mahali pamoja na mifupa mahali pengine uliwapatia marehemu sala katika makanisa mawili, na mapapa waliofuata walitoa ruhusa maalumu mara kwa mara.

Imesemwa mara nyingi kwamba hati hiyo ilipiga marufuku elimu ya anatomia. Hati yenyewe haikutaja upasuaji wa mafunzo. Mwaka 1302, muda mfupi baada ya kutolewa kwake, waganga wa Bologna walipasua maiti kwa ajili ya uchunguzi wa mahakama, na mnamo 1315 Mondino de Liuzzi aliwapasulia maiti wanafunzi wake katika mji huo huo. Wapo waliosita kwa kuiogopa, lakini elimu haikusimama.

Ushahidi wa maabara

Mfalme Richard I wa Uingereza alifariki mwaka 1199. Matumbo yake yalizikwa Châlus, mwili Fontevraud, na moyo Rouen. Sanduku la risasi lenye moyo huo liligunduliwa mwaka 1838, na mwaka 2013 wanasayansi wa Ufaransa walitangaza matokeo ya kuuchunguza. Moyo ulikuwa umebaki unga tu, lakini ndani yake mlikuwa na nyuzi za kitani, chavua za mimea, mnanaa, zebaki na dalili za ubani. Baadhi ya vitu hivyo huzuia bakteria. Vingine vilichaguliwa kwa harufu na kwa maana yake katika dini, kwani ubani ni miongoni mwa zawadi alizoletewa Yesu mtoto. Na ubani haukuota Ulaya: mti wake ni wa Dhofari katika Omani, kusini mwa Arabuni, na kaskazini mwa Somalia. Utomvu uliogemwa katika pande hizi za Bahari ya Hindi ulifika hata moyoni mwa mfalme wa Uingereza.

Yaonekana basi kwamba wahifadhi wa Enzi za Kati hawakutenganisha dawa na ibada. Kitu kile kile kilizuia uozo na kumheshimu marehemu. Walipotofautiana, walitofautiana juu ya swali ambalo kila jamii inayowasafirisha wafu wake hulazimika kulijibu: ni kiasi gani cha mkono wa mtaalamu ambacho mwili wa mpendwa waweza kuvumilia ili afikishwe kwao.