Roma ya zamani: maktaba ya watu wote yamfungia mshairi mlango

Katika mji wa Roma, vitabu vilikuwa kwanza mali ya matajiri. Viliandikwa kwa mkono juu ya karatasi za mafunjo, mara nyingi na watumwa, na vingine viliingia kama nyara za vita. Mwaka wa 168 mbele ya Yesu Kristo, jemadari Aemilius Paullus alimshinda mfalme Perseus wa Makedonia, na vitabu vya mfalme huyo akawaachia watoto wake mwenyewe.

Julius Caesar ndiye aliyepanga kufungulia wakaaji wote maktaba. Alimpa mwanachuoni Varro kazi ya kukusanya vitabu vya Kigiriki na vya Kilatini. Lakini Caesar aliuawa mwaka wa 44 mbele ya Yesu, na mpango wake ukasimama.

Asinius Pollio ndiye aliyeutimiza. Kisha kushinda vita huko Iliria, ngambo ya bahari ya Adria, mwaka wa 39, alitumia mali aliyoteka kufungua maktaba ya kwanza ya watu wote mjini Roma. Aliiweka katika jengo lililoitwa Nyumba ya Uhuru. Humo mlikuwa sanamu za waandishi, na kati yao Varro peke yake ndiye aliyekuwa angali hai.

Mwaka wa 28, kaisari Augustus alifungua nyingine kwenye kilima cha Palatino, karibu na hekalu la Apollo. Tangu hapo, maktaba zikawa pia chini ya mkono wa utawala.

Mshairi Ovidius aliona matokeo yake. Mwaka wa 8 kisha Yesu, Augustus alimhamisha kwa nguvu mpaka Tomis, kwenye Bahari Nyeusi, katika Romania ya leo. Akiwa huko, aliandika shairi ambamo kitabu chake kinazunguka Roma kikitafuta nafasi katika maktaba. Kinafukuzwa Palatino, na hata Nyumba ya Uhuru inakikatalia mlango.

Maktaba ziliendelea kuongezeka. Huko Timgad, katika Algeria ya leo, raia mmoja aliacha sesterse 400.000 za kujenga moja, na mabomoko yake yangaliko.

Ovidius alikufa Tomis bila kurudi kwao. Nyumba ya Uhuru haipo tena, lakini shairi lile lingali linasomwa.