OILI YA GARI LENYE TABO: NZITO SI LAZIMA IWE BORA

Siku hizi magari mengi yanayofika vijijini kwetu yana tabo. Yapo malori ya kubeba mahindi, pikapu za kuchukua wagonjwa, na hata baadhi ya matrekta. Gari la namna hii likifa njiani, hasara si ya mwenye gari peke yake. Mazao yanaoza na mgonjwa hafiki hospitali.

Tabo nyingi hufa kwa sababu ya oili. Ama oili ni chache, ama ni chafu, ama si ile inayotakiwa. Basi leo tujifunze kuchagua oili na kuitambua hali yake.

Katika makala hii tukisema mafuta, tuna maana ya dizeli au petroli. Tukisema oili, tuna maana ya ile inayolainisha injini.

TABO NI NINI?

Injini huvuta hewa. Hewa hiyo ndiyo inayoyawezesha mafuta kuungua na kutoa nguvu. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yanaungua vizuri na nguvu inaongezeka. Kazi ya tabo ni kuishindilia injini hewa.

Tabo ina magurudumu mawili madogo yenye mapanga kama ya feni. Yote mawili yamefungwa kwenye shafti moja. Gurudumu la kwanza linazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Likizunguka, la pili nalo linazunguka na kusukuma hewa ndani. Kumbe moshi ambao ungepotea bure unafanyishwa kazi! Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, ndiye aliyepata hati ya ubunifu huu mwaka 1905.

Sasa angalia mwendo wake. Injini ya lori la dizeli ikikazana huzunguka kama mara 2,500 kwa dakika. Tabo ya gari dogo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Moshi unaoipiga huweza kufikia joto la sentigredi 700 na zaidi. Maji tunayopikia ugali huchemka kwa sentigredi 100 tu.

Je, shafti hiyo inavumilia vipi? Katika tabo nyingi, shafti inaelea juu ya utando wa oili ulio mwembamba kuliko unywele. Utando huo ukikatika, chuma kinasugua chuma. Hapo tabo haichukui muda, inakufa.

UZITO WA OILI

Mimina maji mezani, kisha mimina asali. Maji yanakimbia, asali inajivuta. Tofauti hiyo wataalamu wanaiita mnato. Gereji tunasema oili nzito na oili nyepesi. Uzito huo si wa mizani, ni wa kutiririka.

Jambo la kukumbuka ni hili: oili ikipata joto inakuwa nyepesi, ikipoa inakuwa nzito. Ndiyo maana kopo huandikwa namba mbili. Tuchukue mfano wa SAE 15W-40. SAE ni kifupi cha jina la chama cha wahandisi wa magari kilichoanzishwa Marekani mwaka 1905.

Namba ya kwanza, yenye W, inahusu baridi. Ikiwa ndogo, oili inatiririka vizuri zaidi wakati wa baridi. Oili ya 15W hupimwa kama injini itazunguka katika baridi ya sentigredi 20 chini ya sifuri. Ya 5W hupimwa katika 30 chini ya sifuri. Baridi ya namna hiyo sisi hatuna, hata kule Makete ambako umande huganda.

Namba ya pili inahusu joto. Hupimwa oili ikiwa na joto la sentigredi 100, yaani kama injini ikiwa kazini. Oili ya 30 ni nyepesi, ya 40 inafuata, na ya 50 ni nzito zaidi. Kwetu sisi wa nchi za joto, namba hii ndiyo ya kuangaliwa sana.

Kwenye kopo zipo pia herufi. Mara nyingi utaona API na herufi nyingine mbele yake. Zikianza na C, oili ni ya injini za dizeli, kwa mfano CI-4. Zikianza na S, ni ya injini za petroli, kwa mfano SN. Makopo mengine yana zote mbili. Basi usiangalie namba tu, angalia na herufi.

"FUNDI, WEKA HAMSINI"

Utamsikia dereva akisema, "Fundi, weka hamsini bwana. Hiyo arobaini ni maji!" Anadhani oili nzito ina nguvu zaidi. Kwa gari lenye tabo mawazo hayo yanaweza kuleta hasara. Kwa nini?

Kwanza, asubuhi injini imepoa. Ukiwasha, tabo inaanza kuzunguka mara moja. Oili iliyo nzito kupita kiasi inachelewa kufika, na tabo inazunguka kavu.

Pili, oili hailainishi tu. Inachukua joto kutoka kwenye tabo na kuliondoa. Ikipita polepole kwenye vitundu vyembamba, joto linabaki pale pale.

Tatu, injini inatumia nguvu kuisukuma oili hiyo. Nguvu hiyo ni mafuta, na mafuta ni fedha.

Lakini usikimbilie oili nyepesi pia. Ikiwa nyepesi mno, utando unakuwa mwembamba mno wakati wa joto na mzigo mkubwa, na chuma kinagusana.

Basi tufanyeje? Tufuate kitabu cha gari. Waliotengeneza injini ndio waliopima nafasi iliyopo kati ya chuma na chuma. Mara nyingi kitabu kina jedwali la joto la mahali na oili inayofaa. Kitabu kikipotea, muulize wakala wa gari hilo au fundi aliyesomea aina hiyo. Ukikuta kitabu kinaruhusu namba mbili, na gari lako linapanda milima na mzigo kwenye joto kali, chagua ile nzito kati ya hizo mbili. Usitoke nje ya zile zilizoruhusiwa.

Wapo wanaotia oili nzito ili kuficha moshi wa injini iliyochoka. Moshi unaweza kupungua kwa muda, lakini ugonjwa uko ndani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

OILI HUPIMWA KAMA DAMU

Mgonjwa akienda hospitali hupimwa damu. Oili nayo hupimwa maabara. Mwaka 1946 reli ya Denver and Rio Grande huko Marekani ilitumia kipimo hiki kugundua matatizo ya injini zake za dizeli kabla hazijaharibika. Siku hizi kinatumiwa na wenye ndege, meli, treni na mitambo ya migodi.

Maabara hutafuta chembe za madini ndani ya oili iliyotumika. Kipimo chake ni sehemu moja katika milioni. Ni sawa na gramu moja ya chuma ndani ya tani nzima ya oili. Kila chembe ina habari yake:

Chuma: silinda au shafti inalika.
Shaba na risasi: beringi zinalika.
Aluminiamu: pistoni inalika.
Silikoni: mara nyingi ni vumbi limeingia.

Maabara pia hupima mnato. Oili ya 40 ikiwa mpya huwa kati ya sentistoki 12.5 na 16.3 katika joto la 100. Ikishuka hadi 10, huenda dizeli inavuja na kuingia ndani ya oili. Ikipanda hadi 18, huenda masizi yamezidi au oili imeungua.

Kipimo kimoja hakitoshi. Tuseme lori limepimwa mara tatu, kila baada ya kilomita 5,000. Chuma kilikuwa 20, kisha 22, kisha 60. Silikoni nayo imepanda pamoja nacho. Hapo jibu si kubadili namba ya oili. Vumbi la barabara linapita, kwa hiyo kagua chujio la hewa na mipira yake. Chujio ni bei ndogo kuliko injini.

SISI TUSIO NA MAABARA

Tunaweza kufanya mengi kwa macho, pua na vidole.

1. Pima oili kila asubuhi gari likiwa mahali tambarare, kabla ya kuwasha. Ikipungua, jaza oili ya aina ile ile.

2. Oili ikiongezeka bila wewe kujaza, shtuka! Inuse. Ikinuka dizeli, mwone fundi. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Usiendeshe.

3. Oili ya dizeli kuwa nyeusi si ajabu, ni masizi. Lakini ukisikia mchanga kati ya vidole, au ukiona vumbi la chuma linalong'aa wakati wa kuimwaga, kuna kinacholika.

4. Badili oili na chujio lake pamoja, kwa kilomita zilizoandikwa kitabuni. Mahali pa vumbi na mizigo mizito, badili mapema zaidi. Andika tarehe na kilomita kwenye daftari. Hapo ndipo kisomo chako kinapofanya kazi.

5. Ukiwasha, usikanyage mafuta mara moja. Subiri kama nusu dakika oili ifike kwenye tabo.

6. Ukimaliza kupanda mlima na mzigo, usizime papo hapo. Acha injini iungurume taratibu dakika moja au mbili. Ukizima ghafla, oili inasimama ndani ya tabo yenye moto, inaungua na kuwa kama makaa. Makaa hayo huziba njia ya oili.

7. Nunua oili kwenye duka unalolijua. Kopo lililofunguliwa usilichukue. Likiisha, litoboe, lisije likajazwa oili chafu na kuuzwa tena.

8. Oili chafu usiimwage karibu na kisima, wala mahali ambapo mvua itaipeleka mtoni.

Ndugu msomaji, huhitaji kuwa fundi ili ulinde gari. Mtu anayejua kusoma namba na herufi za kwenye kopo, kisha akazilinganisha na kitabu, amekwisha fanya nusu ya kazi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini oili nzito mno ni hatari kwa tabo wakati wa asubuhi?
2. Katika 15W-40, namba ipi inahusu joto?
3. Gari linalobeba mazao ya kijiji chenu hutiwa oili gani? Je, ndiyo iliyoandikwa kitabuni? Nani anaandika tarehe ya kuibadili?