Homa ya Ini C: Mambo ya Kukamilisha Kabla ya Kidonge cha Kwanza

Mgonjwa anayeambiwa kwamba ana virusi vya homa ya ini C hujiuliza swali moja kabla ya mengine yote: je, ugonjwa huu unapona? Jibu ni kwamba unapona. Virusi vya UKIMWI hudhibitiwa kwa dawa za maisha, na homa ya ini B iliyokwisha kuwa sugu kwa kawaida hutulizwa tu. Homa ya ini C, hata ikiwa imekaa mwilini miaka ishirini, huweza kuondolewa kabisa kwa vidonge vinavyomezwa kwa wiki chache. Hata hivyo, dawa nzuri ikianzishwa kwa pupa inaweza kushindwa kazi, au kuamsha ugonjwa mwingine uliokuwa umelala. Makala haya yanaeleza mambo yanayopaswa kukamilishwa kabla ya kidonge cha kwanza, na yale yanayofuata baadaye.

Ugonjwa na njia zake

Virusi vya homa ya ini C vilitambuliwa mwaka 1989. Huambukizwa kwa damu ya mtu mmoja kuingia katika damu ya mwingine: kwa sindano iliyotumiwa na zaidi ya mtu mmoja, damu ya kuongezewa isiyopimwa, vifaa vya tiba visivyotakaswa, au wembe wa kuchanjia chale. Mama mwenye virusi anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa ujauzito au kujifungua. Ugonjwa hauambukizwi kwa kula pamoja, kukumbatiana wala kupeana mikono, na mama anaweza kumnyonyesha mwanawe. Chanjo yake haijapatikana.

Takriban watu watatu kati ya kumi walioambukizwa huviondoa virusi wenyewe ndani ya miezi sita. Waliobaki huishi navyo, mara nyingi bila dalili yoyote, huku ini likijengeka makovu polepole. Katika muda wa miaka 20, watu 15 hadi 30 kati ya 100 wenye ugonjwa sugu hufikia hatua ya ini kusinyaa, na hapo hatari ya saratani ya ini huongezeka.

Historia ya Misri inafundisha mengi kuhusu ugonjwa huu. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi wengi wa huko walitibiwa kichocho kwa sindano, na kwa kuwa sindano zilirudiwa bila kutakaswa ipasavyo, virusi vya homa ya ini C vikaenea vijijini. Wagonjwa hao walikuwa wamekwenda kutafuta tiba. Kwa hiyo mhudumu wa afya asimhukumu mtu kwa kuwa na virusi hivi, wala mgonjwa asijilaumu. Nchi hiyohiyo ilipima watu takriban milioni 50 katika kampeni ya mwaka 2018 na 2019, ikawatibu waliokutwa na virusi, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitambua rasmi mafanikio yake.

Namna dawa mpya zinavyofanya kazi

Tiba ya zamani ilikuwa sindano za interferoni pamoja na vidonge vya ribavirini kwa miezi sita hadi kumi na miwili. Ilileta homa, upungufu wa damu na huzuni kubwa, na takriban nusu tu ya wagonjwa ndio waliopona. Mabadiliko yalikuja mwishoni mwa mwaka 2013, sofosbuviri ilipoidhinishwa nchini Marekani.

Virusi hivi huzaliana ndani ya seli za ini kwa kunakili kanuni zao za urithi, kipande baada ya kipande, kama fundi anayepanga matofali. Sofosbuviri hujifanya mojawapo ya matofali hayo. Ikishapangwa katika safu, hakuna tofali jingine linaloweza kufuata. Daklatasviri na velpatasviri huzuia protini nyingine ambayo virusi huihitaji ili kujinakili na kujiunda. Dawa mbili hutumika pamoja ili virusi vitakavyoiponyoka moja vinaswe na nyingine. Tena, virusi vya homa ya ini C havijifichi ndani ya kiini cha seli kama vifanyavyo vile vya UKIMWI na vya homa ya ini B. Uzalishaji ukikoma, virusi hutoweka. Ndiyo maana zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100 hupona.

Kwa mtu mzima ambaye ini lake halijasinyaa, sofosbuviri pamoja na daklatasviri au velpatasviri humezwa kwa wiki 12. Mchanganyiko wa glekapreviri na pibrentasviri humezwa kwa wiki 8.

Kabla ya kidonge cha kwanza

La kwanza ni kuthibitisha kwamba virusi vipo. Kipimo cha haraka hutafuta kingamwili, yaani alama kwamba mwili uliwahi kukutana na virusi. Aliyepona mwenyewe huendelea kuwa na kingamwili hizo. Hivyo mgonjwa asianzishiwe dawa kwa kipimo hicho pekee. Sharti kifanyike kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe katika damu.

La pili ni kupima homa ya ini B. Mtu anaweza kuwa na virusi vya aina zote mbili, ambapo mara nyingi virusi vya C huvikandamiza vya B. Vya C vikiondolewa, vya B huweza kuamka kwa nguvu na kuliharibu ini kwa muda mfupi. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali kuhusu hatari hiyo liandikwe kwenye maelezo ya dawa hizi. Mgonjwa mwenye homa ya ini B anaweza kutibiwa C, ila huenda akahitaji kwanza dawa ya kuituliza B, na lazima afuatiliwe kwa karibu. Kipimo cha VVU nacho kifanyike wakati huohuo.

La tatu ni kujua hali ya ini. Pasipo na mashine maalumu, mhudumu anaweza kukokotoa alama iitwayo APRI kutokana na kimeng'enya cha AST na idadi ya chembe sahani za damu; alama inayozidi 2 humfanya ashuku kwamba ini limesinyaa. Mgonjwa wa namna hiyo huweza kuhitaji tiba ndefu zaidi. Mwenye tumbo lililojaa maji, macho ya manjano, kuchanganyikiwa au kutapika damu apewe rufaa kwa daktari bingwa. Glekapreviri haimfai.

La nne, ambalo mara nyingi hupuuzwa, ni kuorodhesha kila dawa anayotumia mgonjwa. Rifampisini ya kifua kikuu, pamoja na dawa za kifafa kama karbamazepini, fenitoini na fenobabitali, hulichochea ini na utumbo kuziondoa dawa za homa ya ini C upesi, hata zikakosa nguvu. Mgonjwa wa kifua kikuu kwa kawaida hukamilisha kwanza tiba hiyo, kwa maana homa ya ini C inaweza kungoja miezi michache, lakini kifua kikuu hakiwezi. Efavirenzi haichanganywi na velpatasviri, na ikitumika pamoja na daklatasviri dozi ya daklatasviri huongezwa. Dolutegraviri haina tatizo hilo. Omeprazoli hupunguza ufyonzwaji wa velpatasviri, na amiodaroni ikikutana na sofosbuviri huweza kupunguza mapigo ya moyo kwa kiwango cha hatari. Mgonjwa ataje pia mitishamba anayotumia, bila kuona haya, na mhudumu amwulize kwa upole.

La tano ni ujauzito. Kwa kawaida tiba husubiri hadi baada ya kujifungua, na ribavirini, pale inapohitajika, hairuhusiwi kabisa kwa mjamzito kwa sababu hudhuru mtoto tumboni.

Katika wiki za dawa

Dawa humezwa kila siku, saa ileile. Mgonjwa akisahau, ameze mara akumbukapo siku hiyohiyo, wala asimeze dozi mbili kwa pamoja. Maumivu ya kichwa, uchovu na kichefuchefu huweza kutokea, lakini kwa kawaida si vikali. Mwenye kisukari apime sukari mara kwa mara, kwani ini likipata nafuu sukari huweza kushuka. Kuacha pombe hulilinda ini, lakini anayekunywa asinyimwe tiba kwa sababu hiyo. Vivyo hivyo anayejidunga dawa za kulevya. Tiba ya methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, inaweza kuendelea sambamba na dawa hizi, na kliniki anayoizoea mgonjwa ni mahali pazuri pa kumezea dozi zake.

Baada ya kumaliza

Kujisikia vizuri si uthibitisho wa kupona. Uthibitisho ni kipimo cha virusi kinachofanyika wiki 12 baada ya kumeza dozi ya mwisho. Visipoonekana, mgonjwa amepona. Kingamwili zitabaki katika damu yake kwa miaka mingi, na kipimo cha haraka kitaendelea kusoma kwamba anazo. Inafaa apewe cheti cha kupona, asije akaanzishiwa tiba upya au kukataliwa kazi kwa kosa la tafsiri. Kingamwili hizo hazimkingi. Akichangia sindano anaweza kuambukizwa tena. Na ambaye ini lilikwisha kusinyaa aendelee kupigwa ultrasaundi kila miezi sita, kwa sababu hatari ya saratani hupungua lakini haiishi.

Mgonjwa aliyesoma hadi hapa ana maswali matatu ya kwenda nayo kliniki: je, virusi vyenyewe vimeonekana? Je, nimepimwa homa ya ini B? Je, dawa zangu zote zimeandikwa? Mhudumu anayeweza kuyajibu yote matatu yuko tayari kumpa kidonge cha kwanza.