Jicho la mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia



Jamaa za mgonjwa aliyetiwa kwenye mashine ya kupumulia hutuambia mara nyingi kwa furaha: "Anatuangalia!" Mara nyingi sivyo. Dawa ya usingizi imelegeza kope, nalo jicho limebaki wazi nusu. Haoni mtu. Jicho linakauka.

Mtu mzima wa afya hupepesa macho mara 10 hadi 20 hivi kwa dakika. Kila mara machozi huenea juu ya konea, yaani kile kioo chembamba kilicho mbele ya mboni, na machozi hayo hupigana na vijidudu. Aliyelazwa kwa dawa hapepesi vya kutosha. Konea ikikauka, hufanya vidonda vidogo, na hapo vijidudu huingia. Havitoki mbali, kwani mara nyingi vimo katika makohozi yake mwenyewe. Tukiyavuta kwa mpira na kuupitisha juu ya uso, tone moja laweza kuangukia jicho. Kijidudu kiitwacho Pseudomonas ndicho kibaya kuliko vingi: chaweza kuharibu konea kwa siku moja au mbili. Mgonjwa ataamka mapafu yamepona, lakini jicho limekufa. Mwenye kuendesha kreni ataendeshaje?

Kwa hiyo mwuguzi hutazama kope kila baada ya saa chache. Husafisha macho kwa serumu, kila jicho na pamba yake, akianzia upande wa pua. Kisha hupaka pomadi ya macho. Kope zisipofungana, hufunika jicho kwa plastiki nyembamba safi ili unyevu usitoke. Kitambaa kikavu hakifai, hukwaruza konea. Wakati wa kuvuta makohozi husimama kando, macho yakiwa yamefunikwa.

Ninyi walinzi, nawieni mikono kwa sabuni kabla ya kugusa uso wake. Msitie maziwa ya mama, maji ya majani wala dawa ya sokoni. Mkiona weupe kati ya kope, wekundu, usaha, au doa jeupe juu ya mboni, iteni mwuguzi saa ileile, hata usiku wa manane. Hatukasiriki, afadhali tuitwe bure.

Naye akiamka na kusema anaona ukungu, au mwanga unamchoma, mwambieni mganga kabla hajatoka hospitalini.