Kuchemka, Nguvu na Kuganda: Lugha Katika Kazi za Chama cha Wanafunzi wa Fizikia

1. Utangulizi

Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ndogo ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti hiyo ikapewa jina Uhuru. Jina likawa la Kiswahili, lakini elimu iliyopatikana kwayo ikawafikia wanafunzi wetu kwa Kiingereza.

Hali hiyo ya jina kuwa letu na maelezo kuwa ya lugha nyingine ingali ipo katika vyuo vyetu. Wanafunzi wa fizikia hubishana kwa Kiswahili wanapofunga nyaya na kutega vipimo, kisha huketi na kuandika ripoti kwa Kiingereza. Baina ya mabishano na ripoti kuna jambo linalopotea. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha ni jambo gani, na jinsi chama cha wanafunzi kinavyoweza kulihifadhi. Nitatumia majaribio matatu, na kila moja limesimama juu ya neno moja la kawaida: kuchemka, nguvu na kuganda.

Ili mjadala usielee hewani, tuchukulie kwamba chama chetu kiko Kiserian, mji ulio chini ya Milima ya Ngong katika Kaunti ya Kajiado, kando ya barabara iendayo Magadi. Nimeuchagua mji huu kwa sababu mbili. Kwanza, mazingira yake yenyewe ni maabara: kuna mlima, kuna upepo, na kuna barabara inayoteremka hadi katika Bonde la Ufa. Pili, ni mji ambamo wasemaji wa Kimaasai, Kikuyu na lugha nyinginezo hukutana sokoni katika Kiswahili.

2. Kazi za chama cha fizikia

Chama cha wanafunzi wa fizikia kwa kawaida huwa na kazi tatu. Ya kwanza ni mkutano wa kila juma, ambapo mwanachama mmoja husimama kueleza jambo alilolisoma au lililomtatiza. Ya pili ni utengenezaji wa vifaa kutokana na vitu vilivyotupwa, kama mikebe, chupa na mota za redio mbovu. Ya tatu ni uchunguzi wa nje, unaomalizika kwa ripoti mbele ya wenzao. Wengi wa wanachama huwa wameionja kazi ya namna hii tangu sekondari, katika mashindano ya sayansi yanayopanda ngazi kwa ngazi hadi yale ya taifa.

Tofauti kubwa baina ya chama na darasa ni hii: darasani swali huulizwa na mwalimu ambaye anajua jibu; katika chama swali huulizwa na mtu asiyejua. Kwa hiyo swali la chama huzaliwa katika lugha ya nyumbani, ya jikoni au ya njiani. Likija limevaa maneno ya kila siku, kazi ya kwanza ya chama ni kuyapima maneno hayo kabla ya kupima kitu kingine chochote.

3. Kuchemka

Mpishi akisema, "Maji yamechemka," hana haja ya kutaja kiasi cha joto. Mapovu yanapanda, mvuke unatoka, basi. Mwanafunzi naye, kwa kuwa kitabu kimemwambia kwamba maji huchemka katika nyuzi 100 za sentigredi, huandika 100 bila ya kutazama kipimajoto. Jaribio la kwanza la chama cha Kiserian ni kutazama.

Maji huchemka pale mvuke wake unapopata msukumo wa kutosha kuishinda kanieneo ya hewa, ambayo wengi nchini Kenya huiita shinikizo la hewa. Kadiri tunavyopanda juu ndivyo hewa iliyo juu yetu inavyopungua, na ndivyo maji yanavyochemka mapema zaidi. Kwa makisio mepesi, kila mita 300 za kupanda hupunguza kiwango cha kuchemka kwa karibu nyuzi moja. Kiserian iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hapo maji huchemka katika nyuzi zipatazo 94 tu. Barabara ya Magadi hupanda kwanza hadi Kona Baridi, mahali palipopewa jina na ngozi za wasafiri kabla ya kufikiwa na kipimajoto chochote, kisha huteremka kupita Olorgesailie hadi Magadi, iliyo katika takriban mita 600. Huko maji yatachemka katika nyuzi zipatazo 98.

Wanachama wakisafiri na jiko, sufuria na kipimajoto kimoja, wataiona tofauti hiyo kwa macho yao. Lakini wachukue hadhari. Kipimajoto kijaribiwe kwanza katika barafu inayoyeyuka, ili ijulikane kama kina kosa, kisiguse sufuria, na kiwe kile kile kila kituo. Tofauti ya nyuzi nne hupotea kwa urahisi mikononi mwa mtu asiye makini.

Hapo ndipo swali la jikoni linapoingia. Kwa nini maharage huchelewa kuiva katika nchi za juu? Mtu atajibu kwamba moto ni mdogo, na ataongeza kuni. Lakini maji yakishachemka, kuni za ziada huzidisha mvuke tu, hazizidishi halijoto. Katika mazungumzo ya kawaida tunasema "joto" kwa maana zote mbili: ile nishati inayotoka motoni kuingia katika maji, na kile kipimo tunachokisoma katika kipimajoto. Mwanafizikia hana budi kuyatenga. Joto linaweza kuendelea kuingia huku halijoto imesimama pale pale. Mpishi anayefahamu jambo hili ataokoa kuni zake: ataufunika mfuniko na kuupunguza moto.

Kuna mtego mmoja zaidi. Wapishi wengi hutia magadi katika maharage ili yalainike upesi, na magadi ni neno lile lile lililo jina la ziwa ambako barabara yetu inaishia. Magadi hulainisha maharage kwa sababu huvunja viungo vinavyoshikanisha chembe za mbegu. Hilo ni jambo la kemia, wala si la mwinuko. Mwanachama anayelinganisha maharage ya Kiserian yasiyotiwa magadi na yale ya bondeni yaliyotiwa amelinganisha mambo mawili kwa pamoja, na jibu lake halitamfaa. Badilisha jambo moja, mengine yaache kama yalivyo.

4. Nguvu

Juu ya Milima ya Ngong husimama mitambo mirefu inayogeuza upepo kuwa umeme. Miwili ya kwanza ilijengwa mwaka 1993. Uwezo wa kituo hicho ulifikia megawati 25.5 katika miaka ya 2010. Si ajabu, basi, kwamba chama cha Kiserian kitataka kupima "nguvu ya upepo".

Kifaa chake ni rahisi. Vikombe vinne vyepesi hufungwa katika ncha za vijiti viwili vilivyopishana, na vijiti huwekwa juu ya msumari ili vizunguke. Kisha huhesabiwa mizunguko kwa dakika. Ili kujua mizunguko hiyo ni sawa na kasi gani, kifaa hushikwa na abiria wa pikipiki inayokwenda kwa kasi inayojulikana, asubuhi isiyo na upepo.

Tuseme sasa kwamba jana upepo ulikuwa na kasi ya mita 4 kwa sekunde, na leo ni mita 8. Nguvu yake imezidi mara ngapi? Mwanachama wa kwanza, aliyepima jinsi ubao unavyosukumwa, asema: mara nne. Mwanachama wa pili, aliyepiga hesabu ya umeme unaoweza kupatikana, asema: mara nane. Mkutano waweza kuendelea hadi usiku, na kila mmoja akimwona mwenzake mjinga.

Kwa hakika wote wawili wamepata. Kosa liko katika neno. Wa kwanza anazungumzia msukumo, ambao istilahi yake ni kani. Neno hili kongwe, lenye maana ya nguvu na pia ya ukaidi, wataalamu wa istilahi wamelipa kazi mpya. Kani ya upepo juu ya ubao hufuata mraba wa kasi: kasi ikizidi mara mbili, kani huzidi mara nne. Wa pili anazungumzia kiasi cha nishati kinachopita kwa kila sekunde. Hewa ya milimani huko ina uzani wa karibu kilo moja kwa kila mita moja ya ujazo. Katika dirisha la mita moja ya mraba, upepo wa jana ulipitisha kilo 4 kwa sekunde, zikiwa na nishati ya jouli 32. Wa leo unapitisha kilo 8, na kila kilo ina nishati mara nne ya ile ya jana, hivyo jumla ni jouli 256. Gawanya 256 kwa 32, upate 8.

Kwa hiyo maneno matatu yanahitajika mahali ambapo mazungumzo ya kawaida yaridhika na moja: kani kwa msukumo, nishati kwa uwezo wa kufanya kazi, na nguvu, likibakia, kwa nishati inayotolewa kwa kila sekunde. Mwanafunzi anayeandika kwa Kiingereza hukariri maneno matatu tofauti, na mara nyingi hufaulu mtihani akiwa bado anafikiri kwa neno moja. Akilazimika kueleza kwa Kiswahili, ugomvi hujitokeza hadharani na hutatuliwa.

5. Kuganda

Jaribio la tatu halikuanzia Kajiado. Lilianzia Tanzania, nalo ndilo mfano mashuhuri zaidi wa utafiti uliotokana na swali la mwanafunzi wa Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari na kuyaacha yapoe kabla ya kuyaweka katika jokofu. Siku hiyo nafasi zilikuwa chache, naye kwa kuhofia kuikosa yake akayaingiza yakiwa moto. Baada ya saa moja na nusu ya kwake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake aliyeyaingiza bila ya kuyachemsha yalikuwa bado uji. Alimwuliza mwalimu, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga alimweleza kwamba wao hutumia njia hiyo hiyo ya kuanza na moto.

Mpemba aliendelea na masomo katika Shule ya Mkwawa, Iringa, na swali lake likawa mzaha wa darasa. Ndipo Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipoitembelea shule. Mpemba alisimama akamwuliza kwa nini maji ya nyuzi 100 huganda kabla ya yale ya nyuzi 35, kiasi kikiwa sawa. Wanafunzi walicheka. Osborne hakuamini, lakini aliporudi chuoni alimpa fundi wake kazi ya kujaribu. Fundi alileta habari kwamba maji ya moto yalitangulia kuganda, ila ataendelea kujaribu mpaka apate jibu lililo sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao. Wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa uhifadhi wa wanyamapori katika Chuo cha Mweka. Leo athari ya Mpemba ni istilahi inayotajwa ulimwenguni kote.

Mjadala haujaisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walitangaza kwamba hawakupata ushahidi wa kuithibitisha, na wakaonyesha kwamba hata tofauti ndogo ya mahali kipimajoto kilipowekwa yaweza kumdanganya mtafiti. Lakini wao walipima muda wa maji kupoa hadi nyuzi sifuri. Osborne alikuwa amepima muda hadi barafu ilipoanza kutokea. Mambo hayo mawili si sawa, kwani maji yaweza kupita sifuri yakabaki maji kwa muda kabla ya barafu kushika.

Hapa wanaisimu tunapaswa kutega sikio. Kiswahili husema damu imeganda, maziwa yameganda, uji umeganda, maji yameganda. Kitenzi kimoja kinabeba kufikia ubaridi, kuanza kushika na kuwa kigumu chote. Chama kinachotaka kulirudia jaribio la Mpemba hakina budi kukata shauri kabla ya kufungua jokofu: je, kwetu sisi kuganda ni kufika sifuri, ni kuonekana kwa utando wa kwanza wa barafu, au ni bilauri kugeuzwa bila ya tone kumwagika? Wakiamua, waandike, na kila mmoja apime hicho hicho.

6. Hitimisho

Watu wengine watasema kwamba istilahi zimekwisha kutungwa. Ni kweli kwamba Baraza la Kiswahili la Taifa nchini Tanzania liliundwa mwaka 1967, na kwamba mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Ni kweli pia kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lakini istilahi isiyotumiwa na mtu aliyeshika kipimajoto hubaki kitabuni.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila chama cha fizikia kiwe na daftari la maneno kando ya daftari la vipimo: neno lililoleta ubishi, maana zilizogongana na maana iliyokubaliwa, pamoja na maneno ya lugha za nyumbani yaliyosaidia. Mtoto wa mfugaji na mtoto wa mkulima hawauoni upepo kwa jicho moja, na huenda lugha zao zimetenga kile ambacho Kiswahili kimekichanganya. Pili, idara za lugha ziwapeleke wanafunzi wao katika mikutano hiyo, wasikilize na kuandika.

Mpemba alikuwa na bahati ya kukutana na mgeni aliyekubali kulijaribu swali lililochekwa. Hatujui ni maswali mangapi ya namna hiyo yaliyorudi jikoni kimya kimya kwa sababu mwenyewe hakuwa na maneno ya kuyatetea. Kazi ya kumpa maneno hayo ni yetu sisi wa lugha kama ilivyo ya wale wa fizikia.