Bibi wa Ileje na matunzo ya mjukuu

Ukitaka kujua familia inaifanyia nini jamii, achana na hotuba za harusini. Nenda Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, mwezi Januari shule zinapofunguliwa, uone nani anamleta mtoto wa darasa la kwanza. Aghalabu utamkuta bibi, mjukuu mwingine akiwa mgongoni, cheti cha kliniki amekifunga kwenye pindo la kanga. Mama mtu yuko Tunduma, anawauzia chakula madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Zambia. Baba yuko huko huko, au kwenye machimbo Chunya.

Utaratibu huu ni wa siku nyingi. Miaka ya 1930 wanaume wa nyanda hizi walikwenda kuchimba dhahabu Lupa, wengine wakavuka hadi kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, mashamba wakawaachia wake na wazee. Hata ile picha ya baba, mama na watoto chini ya paa moja haikuwa kanuni ya kila mahali huku. Kwa majirani zetu Wanyakyusa, vijana wa kiume walikuwa wakijenga kijiji chao wenyewe na kulala huko, ila chakula walikwenda kula kwa mama zao. Mwanaanthropolojia Monica Wilson aliyaandika hayo mwaka 1951.

Kwa hiyo bibi kulea si balaa. Balaa ni kulea bila kitu. Shilingi elfu kumi inaingia kwenye simu mwezi huu, kisha kimya mpaka Pasaka, na wakati huo mtoto anakula, anaugua, anadaiwa sare. Tunamsifu bibi kwa moyo wake, lakini sifa hazinunui daftari.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imelitazama jambo hili kuliko wengi wanavyodhani. Matunzo inayoyataja ni chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, hata nafasi ya kucheza. Wazazi kutengana au kuhama hakuwafutii wajibu huo. Tena anayeweza kuomba amri ya matunzo si mama peke yake: mlezi anaweza, ndugu wa mtoto anaweza, afisa ustawi wa jamii pia anaweza. Mahakama itapima kipato cha wazazi wote wawili na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi.

Baba akikana mtoto, jina lake kwenye daftari la vizazi ni ushahidi mzito. Kwa bahati nzuri, mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo ulianza mapema Mkoa wa Mbeya, mwaka 2013, Ileje ikiwa bado ndani yake. Mkoa wa Songwe, ilipo Ileje sasa, ulizaliwa 2016.

Mahakama iwe ya mwisho. Kwanza kiitwe kikao cha ukoo, wajomba na mashangazi wakiwepo, kiasi kitajwe, tarehe ya kutuma itajwe, yaandikwe na kusainiwa. Ahadi isipotimizwa, bibi achukue karatasi hiyo na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, aende kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Bibi ni ndugu wa mtoto, na sheria inamruhusu kudai.